Mma Ramotswe, mpelelezi anayesitiri: mapitio ya vitabu vinne vya mwanzo

Mali zote za ofisi hii ya upelelezi zimetajwa kwenye ukurasa wa kwanza, kama hati ya mirathi: kivani kimoja cheupe, meza mbili, viti viwili, simu, taipureta kuukuu, birika la chai na vikombe vitatu. Kikombe kimoja cha mpelelezi, kimoja cha katibu wake, kimoja cha mteja. Polisi hakuwekewa kikombe. Msomaji anayepita haraka ataona mzaha tu, lakini aliyerudia mfululizo huu zaidi ya mara moja anajua kwamba katiba nzima ya Precious Ramotswe imo ndani ya hesabu ile ya vikombe.

Tunachokipima hapa ni The No. 1 Ladies' Detective Agency, riwaya ya Alexander McCall Smith iliyotoka mwaka 1998, pamoja na vitabu vitatu vilivyoifuata. Mfululizo umeshapita vitabu 20, ila hivi vinne ndivyo vinavyomjenga mhusika. Vya baadaye vinapanga tu ndani ya nyumba iliyokwisha jengwa. Mwandishi alizaliwa Bulawayo mwaka 1948, akafundisha sheria Botswana, kisha akawa profesa wa sheria ya tiba huko Edinburgh. Hilo la sheria lishike, maana litarudi. Asiyetaka kujua miisho ya kesi aishie hapa: maadili ya mtu hayaelezeki bila kusema kesi zake ziliishaje.

Kwanza mtu mwenyewe. Ni binti wa Mochudi, kijiji kikubwa kaskazini mwa Gaborone, mji mkuu wa Botswana. Mama yake alifariki yeye angali mdogo, akalelewa na ndugu wa ukoo aliyemzoesha kuhesabu vitu na kukumbuka alichokiona. Michezo ya kitoto tu, ila ndiyo shule pekee ya upelelezi aliyoipata kabla ya kununua kitabu cha mafunzo cha Clovis Andersen, Mmarekani wa kubuni ambaye kanuni zake hunukuliwa mfululizo mzima kama hadithi za mitume. Baba, Obed, alikula vumbi la migodi ya Afrika Kusini mpaka mapafu yakaharibika, lakini alirudi na fedha akanunua ng'ombe, na jicho lake la kuchagua ng'ombe lilisifika. Akiwa kitandani mwa mauti alimuusia binti auze ng'ombe anunue biashara ya maana, bucha au duka la pombe. Binti akajibu kwamba atafungua ofisi ya upelelezi. Mzee hakupata muda wa kupinga.

Kati ya hayo yote kuna ndoa. Note Mokoti, mpiga tarumbeta mwenye sura, alimuoa, akampiga, na mtoto waliyempata alifariki mchanga. Mwandishi hailowanishi aya kwa machozi. Anaipita kwa kurasa chache na kuiacha ikae chini ya kila kesi inayofuata. Ukitaka kujua kwa nini Mma Ramotswe hamtishi mtu kwa mkono hata akiwa na haki, na kwa nini wanaume wapole humpendeza kuliko wenye fedha, jibu liko hapo. Ana mizani miwili, baba mwema na mume mkatili, na kila mwanamume anayekaa kwenye kile kiti cha mteja hupimwa kimoyomoyo.

Tabia zake nyingine zinajulikana hata na wasiosoma: unene ambao yeye mwenyewe anauita umbo la jadi na hauombei msamaha, nyumba ya Zebra Drive, na chai nyekundu ya rooibos ambayo hainywi kwa haraka. Chai hiyo, kwa taarifa, si ya Botswana. Mmea wake hulimwa milima ya Cederberg, Afrika Kusini, na kwa kuwa haina kafeini wala ukakasi wa majani ya kawaida, birika linaweza kukaa muda mrefu mezani bila chai kuwa chungu. Kwa mpelelezi ambaye kazi yake ni kumwacha mteja aongee mpaka aishiwe, hakuna kinywaji bora zaidi. Katibu wake haipendi. Inachukua vitabu kadhaa kabla Mma Makutsi hajathubutu kusema kwamba muda wote alitamani chai ya kawaida, na hilo peke yake linatuambia mengi kuhusu adabu za ofisi ile.

Adabu zenyewe ni sehemu ya maadili. Mma na Rra ni heshima za Kitswana, kama sisi tunavyosema mama na mzee hata kwa mtu tuliyekutana naye stendi. Mma Ramotswe hamvui mtu heshima hiyo hata anapomwambia usoni kwamba ni mwongo. Fundi magari anayemchumbia na hatimaye kumuoa anabaki Mr J.L.B. Matekoni, jina kamili, mezani, garini, kila mahali. Wasomaji wa Ulaya huona kichekesho. Msomaji wa Kiswahili, aliyekua akisikia mama akimwita baba kwa jina la mtoto wa kwanza, hataona cha ajabu.

Sasa kazi. Waliolelewa na wapelelezi wa riwaya zetu, Bwana Msa na kiko chake, au waliomfuata Willy Gamba akipita na bastola mpaka ukurasa wa mwisho, watahitaji kubadili mwendo. Hapa hakuna mkutano wa mwisho wa kumtaja muuaji mbele ya watu, na mara nyingi hakuna muuaji. Kinachochunguzwa ni baba wa bandia, mume anayetoka nje, daktari anayekosea leo na kupatia kesho, kidole kilichokatika. Na kinachoamua ubora wa vitabu hivi ni kile anachokifanya mpelelezi baada ya kuujua ukweli.

Neno lake tunalo tayari: kusitiri. Mma Ramotswe ni mpelelezi wa sitara. Lakini isichanganywe na funika kombe mwanaharamu apite. Anayefunika kombe hataki kujua kilichomo. Huyu analifunua, anamwonyesha mhusika kilichomo, anamsubiri akitazame, ndipo anafunika. Ukiifuata kesi kwa kesi, hatua hazibadiliki sana. Mteja anakunywa chai na kusema mpaka amalize, bila kukatizwa. Kisha wanaulizwa wanawake: jirani, mhudumu wa ofisi, mama anayeuza kitu kando ya barabara, watu ambao hakuna polisi aliyewahi kuwauliza. Mtuhumiwa anakabiliwa faraghani, na anaachiwa mlango mmoja wazi, wa kukiri. Akipita mlangoni humo, habari huishia pale. Akikataa, ndipo linatajwa jina la polisi, na aghalabu kutajwa tu kunatosha.

Kesi ya kwanza kusimuliwa ni mfano safi. Happy Bapetsi, msichana mwenye kazi nzuri na nyumba, anafikiwa na mzee anayedai kuwa baba yake aliyepotea. Desturi inamtaka ampokee, na mzee anakaa, anakula, hanyanyui hata kikombe. Mma Ramotswe anaazima sare ya nesi, anakwenda mbio nyumbani na kumwambia mzee kwamba binti yake amepata ajali, damu imemwisha, na anahitajika ndugu wa damu wa kumtolea nyingi kiasi kwamba huenda mtoaji asipone. Je, yuko tayari? Mzee anakiri hapo hapo kwamba si baba. Hakuna kipimo cha maabara wala mahakama. Angalia jinsi mtego ulivyopangwa: haumuulizi kama anasema kweli, unamuuliza bei ya uongo wake. Baba wa kweli angeweza kuogopa, lakini asingekuwa na haraka ile ya kukana.

Ndivyo pia kwenye kidole. Mfanyakazi wa kiwandani anadai fidia kwa kidole kilichokatwa na mashine. Mwenye kiwanda ananusa ulaghai. Inagundulika kwamba kidole hicho hicho kimeshadaiwa fidia kwingine, zaidi ya mara moja. Kidole kimoja kimefanya kazi kuliko vile tisa vilivyobaki. Mma Ramotswe ana kila kitu cha kumfunga mtu huyu, ila anasikiliza kwanza kwa nini. Nyuma ya ulaghai kuna familia inayomtegemea na ndugu mgonjwa. Dai linafutwa na mtu anarudi kwake. Profesa wa sheria ndiye aliyeandika haya, mtu anayejua vizuri kwamba ulaghai wa fidia ni jinai na kuuficha si jambo dogo. Anajua, na bado anamwachia mhusika wake aamue kama mzee wa baraza.

Ukisikia harufu ya utu hapo, hujakosea, na hata neno ni lile lile. Watswana wanasema botho, kutokana na motho, mtu. Sisi tunasema utu, kutokana na mtu. Methali yao, motho ke motho ka batho, inaingia kwenye Kiswahili bila jasho: mtu ni watu. Katika falsafa hiyo kosa ni ufa kati ya watu wawili kabla halijawa deni kwa serikali, na fundi wa ufa ni yule aliyeupasua. Kitabu cha nne kinaipeleka hoja hii mbali kuliko vyote. Bwana mmoja mwenye mali, Molefelo, anakuja bila kesi yoyote. Akiwa mwanafunzi alimwibia redio familia iliyompangisha, ili apate fedha za kumaliza tatizo la ujauzito wa mpenzi wake, kisha akamtelekeza msichana yule. Miaka imepita, hakuna anayemdai, hakuna anayemshuku. Anachotaka ni kuomba radhi, ila hajui walipo. Mpelelezi anageuka kuwa mjumbe: anawatafuta, anapima hali zao, kisha anamsimamia Molefelo aende yeye mwenyewe kwa miguu yake, na asiende mikono mitupu. Sijui riwaya nyingine ya upelelezi ambamo mhalifu ndiye mteja na adhabu anailipia ada.

Hata hivyo angekuwa mtakatifu tu angechosha. Kinachomfanya asomeke ni kwamba anadanganya, sana, na kwa ustadi. Ile sare ya nesi ni uongo. Katika kesi ya gari la Mercedes-Benz anakwenda mbali zaidi: mke anashuku kwamba gari la mumewe ni la wizi, lakini hataki mume afungwe. Wezi hufuta namba za gari, ila namba nyingine hukaa mahali ambapo wengi wao hawajui, na kwa namba hiyo mwenye gari anapatikana ng'ambo ya mpaka. Suluhisho la Mma Ramotswe ni kuliiba gari lililoibwa na kulirudisha kwa mwenyewe. Mume hawezi kwenda kulalamika polisi, mke hajamsaliti mtu, na mwenye mali kapata chake. Kimahesabu ni safi. Kisheria ni wizi.

Kisa kinachobana zaidi kiko kitabu cha pili. Mama wa Kimarekani, Andrea Curtin, anataka kujua mwanawe Michael alipatwa na nini miaka kumi iliyopita, alipotoweka kwenye shamba la ushirika pembezoni mwa Kalahari. Njia inaishia kwa Dr Ranta, mhadhiri wa chuo kikuu, anayejua lakini hasemi. Mma Ramotswe anamtishia kwa siri chafu inayomhusu yeye na mwanafunzi wa kike, na siri hiyo inafungua mdomo. Hapo kafanya mambo mawili anayoyalaani kwa wengine: kasema uongo na kamtisha mtu ili apate anachotaka. Na mwandishi hamfichi, anamfanya ajiulize mwenyewe kama alikuwa na haki. Anachokipata ni hiki: kijana alikufa kwa ajali usiku ule, akikimbia baada ya kumfumania mpenzi wake, na waliokuwepo walinyamaza kwa woga. Mpenzi huyo anaishi Bulawayo na ana mtoto wa kiume, mtoto wa marehemu. Bibi wa Kimarekani anaondoka na kaburi na mjukuu kwa pamoja. Waliouficha mwili hawashitakiwi.

Hapa ndipo wasomaji hugawanyika, na mimi niko upande wa wanaosema kesi hii ndiyo bora kuliko zote za vitabu vinne. Kanuni ya mpelelezi inaonekana kwa uwazi: uongo unaruhusiwa ukimwelekea mwenye nguvu kwa ajili ya asiye nazo, na ukikoma pale ukweli unapopatikana. Dr Ranta ana cheo, kidomo na jeuri. Mama yule hana kitu ila miaka kumi ya kutolala. Ungependa kanuni iwe nyoofu zaidi? Nami pia. Lakini kanuni iliyonyooka ingemwacha mjukuu Bulawayo bila bibi.

Sitara ina mpaka, na mpaka huo hauchoreki kwa maneno, unaonekana kwa matendo. Kwa daktari yule anayepatia leo na kukosea kesho, jibu ni kwamba wako wawili, mapacha, mmoja amesoma na mwingine hajasoma, wanatumia cheti kimoja pande mbili za mpaka, Gaborone na Mafikeng. Hapa hakuna chai wala mlango wa faragha. Taarifa inakwenda kwa wakubwa wa hospitali alikotoka mteja, kwa sababu wagonjwa wangekufa. Na kwenye mtoto aliyetoweka, kisa kinachopita kama uzi mweusi katikati ya kitabu cha kwanza, sauti yake inabadilika kabisa. Mr J.L.B. Matekoni anakuta mfuko wenye vitu vya kiganga ndani ya gari la mteja, na kilichomo kinafanana na kidole cha mtoto. Uganga wa viungo vya binadamu si ndoto ya mwandishi: mwaka 1994 msichana wa shule aliuawa huko huko Mochudi, na hasira za watu zikafika mitaani Gaborone. Msomaji wa Tanzania, anayekumbuka mauaji ya watu wenye ualbino, hahitaji kufafanuliwa. Mma Ramotswe anaogopa, na anakwenda hivyo hivyo, mpaka kwa Charlie Gotso, tajiri ambaye mji mzima unamtetemekea.

Mtoto anapatikana hai. Na hapa nina dukuduku. Mwandishi alikuwa ameshika kaa la moto na akaliweka chini taratibu. Kumpata mtoto akiwa salama kwenye kambi ya ng'ombe ya mbali kunampa msomaji usingizi, lakini kunamwondolea mpelelezi swali ambalo maadili yake yalipaswa kulijibu: unamsitiri vipi, au unaacha vipi kumsitiri, mtu aliyeua mtoto kwa ajili ya biashara yake? Vitabu vinavyofuata haviligusi tena kwa uzito huo.

Makosa yake ya kikazi, kwa upande mwingine, yamechorwa bila huruma, na ndiyo yanayochekesha. Alice Busang anataka ushahidi kwamba mumewe, Kremlin, anatoka nje. Mma Ramotswe anachagua njia fupi: anakwenda baa, anaketi, mume anajileta mwenyewe, wanaishia nyumbani na picha inapigwa. Anaupeleka ushahidi kwa mteja akitarajia shukrani. Mteja anaiona picha, anaona ni nani aliyekaa na mumewe, na matusi yanaanza. Ada haikulipwa. Kosa liko wapi? Alijibu swali lililoulizwa, kama mume anaweza kutoka nje, na akasahau kwamba mteja hakuwa na uwezo wa kuona tofauti kati ya chambo na nyavu. Tangu hapo hajirudii kuwa chambo kwa wepesi.

Kuna pia mamba. Muumini amezama wakati wa ubatizo katika mto Notwane, mjane anadhani mumewe kakimbia na mwanamke. Mma Ramotswe anafikiria, anabeba bunduki ya marehemu baba yake, anampeleka mbwa ukingoni kama chambo, anaua mamba, na tumboni mnatoka saa ya mkononi yenye jina la marehemu. Kisa kimekamilika kwa kurasa chache mno. Kama una dakika ishirini tu za kuamua kama vitabu hivi ni vyako, soma sura hiyo. Ila mbwa yule hakuulizwa.

Bila Mma Makutsi maadili haya yangebaki hotuba ya mtu mmoja. Grace Makutsi wa Bobonong, mwenye miwani mikubwa ya duara na alama 97 kwa mia katika mtihani wa mwisho wa Botswana Secretarial College, rekodi ambayo haachi kuikumbusha, ni mkali kuliko bosi wake. Yeye anataka kosa lihesabiwe. Katika kitabu cha pili anapewa kesi yake ya kwanza: mwenye bucha anashuku kwamba mkewe ana mwanamume mwingine. Ni kweli anaye, tena ni tajiri, ndiye baba halisi wa mtoto na ndiye anayelipa karo ya shule nzuri. Ukisema yote, unamvunja mwenye bucha na kumtoa mtoto shuleni. Ukinyamaza, umekula fedha ya mteja bure. Wawili hao wanalijadili kwa kurasa ambazo ningezipa darasa la maadili bila kubadilisha neno, na kinachofika kwa mteja ni ukweli uliopunguzwa makali. Mma Makutsi hatulii nao. Wala msomaji hapaswi kutulia.

Kitabu cha tatu kinaitwa Morality for Beautiful Girls, na jina linaahidi zaidi ya kinachotolewa. Mma Makutsi anatakiwa kupima ndani ya siku chache ni nani mwenye tabia njema kati ya washiriki wa mashindano ya urembo. Wazo ni zuri, utekelezaji mwepesi. Nusu nyingine inabeba kitabu: Mma Ramotswe kwenye shamba la familia ya mkubwa wa serikali, akichunguza kama mke wa mdogo mtu anamwekea mumewe sumu. Sumu ipo, hata yeye inamlaza na tumbo, lakini inatoka kwa mpishi, na kinachofichuka ni familia iliyoacha kusemezana. Humo pia Mr J.L.B. Matekoni anaugua sonona, na ugonjwa huo umeandikwa kwa usahihi wa mtu anayeujua: hatibiwi kwa nasaha wala maombi, anapelekwa kwa daktari na kupewa dawa na muda.

Malalamiko ya jumla. Botswana ya vitabu hivi imepigwa pasi. Nchi halisi, wakati vinaandikwa, ilikuwa miongoni mwa zilizoumizwa zaidi na UKIMWI duniani, na mwaka 2002 ilianza kugawa dawa za kupunguza makali kwa mpango wa taifa kabla ya nchi nyingine za Afrika. Vitabuni ugonjwa huo unatajwa kwa kuzungukwa: watu wanaumwa, bibi wanabaki na wajukuu, jina halisemwi. Mtetezi atasema ndivyo watu walivyoongea, na ni kweli. Lakini mpelelezi ambaye kazi yake ni kutaja mambo kwa majina angeweza kulitaja na hili. Jingine ni kwamba baada ya kitabu cha sita hivi uhalifu unakonda na chai inanenepa. Anayetaka fumbo atachoka. Anayetaka kukaa na watu hawa ataendelea.

Kuna toleo la televisheni pia, la BBC na HBO, lililopigwa Botswana kwenyewe. Filamu ya kufungulia ilionyeshwa Uingereza Machi 2008, siku chache baada ya kifo cha mwongozaji wake, Anthony Minghella, na vipindi vingine sita vikafuata mwaka 2009. Jill Scott ana umbo, tabasamu na utulivu, ingawa lafudhi inamponyoka mara moja moja. Anika Noni Rose anampata Mma Makutsi mpaka kwenye mgongo. Mr J.L.B. Matekoni ni Lucian Msamati, ambaye wazazi wake ni Watanzania, na upole wake hauigizwi kupita kiasi. Idris Elba kama Charlie Gotso anatisha kuliko yule wa kitabuni. Wameongeza mhusika, BK, msusi wa jirani, ambaye kwenye vitabu hayupo. Picha zinapoteza jambo moja kubwa: yale mabishano ya kimya ambayo Mma Ramotswe hufanya na nafsi yake kabla ya kudanganya. Kwenye skrini anadanganya tu na tunacheka.

Mpangilio wa kusoma: anza na cha kwanza, usiruke cha pili hata kama mwendo wake ni wa polepole, cha tatu unaweza kukipitia, cha nne kisome chote. Kiingereza chake ni cha sentensi fupi na maneno ya kawaida, kiasi kwamba mwanafunzi wa sekondari anaweza kukimaliza bila kamusi, ila majina ya Kitswana ayasome kwa sauti kama yalivyoandikwa. Kwa anayezungumza Kiswahili mengi hayana ugumu. Ukipenda, ongeza cha sita, kilichotoka mwaka 2004, kwa sababu moja tu. Note Mokoti anarudi Gaborone kudai fedha ili anyamaze kuhusu ndoa yao ambayo haikuvunjwa rasmi. Mwanamke ambaye amewafungulia walaghai wengi ule mlango wa faragha anakabiliwa na yule mmoja aliyemuumiza yeye. Anachunguza kama anavyochunguza siku zote, kwa miguu na kwa maswali, na anagundua kwamba Note alikuwa na mke mwingine kabla yake, hivyo ndoa ile haikuwa ndoa. Anakwenda kumwambia, ana kwa ana, na fedha Note hapati.